Hukusema Februari ni Kiangazi

Mtani wangu Yahaya,

Nimekaa kwenye kigoda chako, ndani ya banda lako la baiskeli, mkabala na stesheni ya Tabora. Kigoda bado kinayumba. Mtu aliyenyoosha ringi za nusu ya mkoa huu akashindwa kupigilia msumari mmoja kwenye kigoda chake mwenyewe, huyo ni Mzaramo tu, hahitaji kitambulisho.

Sikukusudia kukuandikia. Maisha yangu yote nimeandika habari za watu wanaoweza kupiga simu kesho yake na kuniambia nimekosea, na wewe uwezo huo huna tena. Lakini limetokea jambo lenye jina lako ndani yake, na sheria ya kazi yangu unaijua: mwenye jina hasikii habari yake mtaani. Anaambiwa.

Basi sikia. Kuna kitabu. Kimechapwa Dar es Salaam, ni mwongozo wa wageni wanaotaka kuitembelea nchi hii. Kitabu hicho kinasema kwamba wewe, Yahaya, fundi baiskeli wa Tabora, umewashauri wageni waje kuifuata njia ya kale ya misafara mwezi wa Februari, kwa gari au kwa miguu, kwa sababu Februari ni kiangazi na njia ni kavu.

Februari, Yahaya. Tabora.

Tulia. Najua umetulia.

Nikueleze kitabu chenyewe kilivyo, maana ungekicheka kabla hujakikasirikia. Kurasa zake zinang'aa, ukizishika zinabaki na alama za vidole. Jaladani kuna mlima wenye theluji na chini ya mlima kuna mnazi, kana kwamba vyote viwili vinaonekana kutoka dirisha moja. Ukifungua, sentensi ya kwanza inasema nchi yetu ina misimu miwili ya mvua, masika na vuli, na katikati yake ni jua. Nchi yetu! Kwao nchi hii ni ua wa nyumba moja, mvua ikinyesha jikoni basi imenyesha na barazani. Huko pwani ni kweli, waache na vuli yao. Huku mvua ni moja. Inaingia Novemba, inatoka Aprili, na katikati haimwombi mtu ruhusa. Mwaka mwingine inapumzika wiki moja Januari, jua linawaka, wageni wanaanika soksi, halafu inarudi na kuziondoa kambani. Hakuna mtoto wa kijiji cha Ntalikwa aliyewahi kukosa swali hilo shuleni, lakini watu wazima wenye kompyuta na viyoyozi wamelikosa.

Kwenye ukurasa wa mavazi wanasema mgeni alete nguo nyepesi, zinatosha nchi nzima, isipokuwa akipanda mlima. Unakumbuka wale waliokuwa wakishuka kwenye treni mwezi wa saba asubuhi, wamevaa kaptura, magoti yamepauka, wanalizunguka jiko la muuza chai kama vifaranga? Waliambiwa Afrika. Hawakuambiwa Tabora. Na ukurasa wa msituni una picha ya mama mmoja amevaa shati la bluu iliyokolea, anatabasamu. Ni wazi picha ilipigwa kabla mbung'o hawajamwona. Wewe ulikuwa humwachi mgeni apite na shati la bluu, hata yule ambaye hakukuuliza kitu: "Vua hiyo, vaa kaki, la sivyo utarudi umevimba kama andazi." Wengine walikuona mtovu wa adabu. Waliorudi walikuletea asali.

Sasa nikuambie jina lako liliingiaje humo. Hapa itabidi nianzie mbali kidogo, na kuna mahali nitajitaja mwenyewe, wala sitajitaja vizuri.

Siku ya kwanza nilipokuja hapa nilikuwa mwandishi mpya wa redio, nimeagizwa nitafute hali ya barabara ya Bukene. Nilikukuta umeinamia tairi. Nikakuuliza, hukunijibu. Ukamgeukia mtu aliyekuwa anaingia na baiskeli yenye madumu mawili ya asali, ukamwuliza: "Umetoka wapi leo?" Akasema Bukene, amelala njiani mara moja. Ukapitisha kidole kwenye spoki, ukatazama rangi ya matope. Kisha ukavuta daftari chini ya kigoda. Jina la yule mtu ukaliandika kwa kalamu ya wino. Ukaichomeka kalamu sikioni, ukachukua penseli, ukaandika habari yenyewe, taratibu, bila kubonyeza.

Nikakuuliza kwa nini kalamu mbili. Ukanitazama kama unavyomtazama mteja aliyefunga mnyororo kinyume.

"Mtu habadiliki jina," ukasema. "Njia inabadilika kesho. Nikibonyeza, nitaifutaje?"

Halafu ukaniuliza kabila langu. Nikasema Mnyamwezi. Uso wako ukafunguka wote. "Kumbe mpagazi wetu! Tua mzigo, ukae."

Toka siku hiyo hukuniita Maganga tena. Babu zangu walibeba pembe na vitambaa kutoka huku mpaka kwenu Uzaramo, babu zenu wakawapokea kwa maji na matusi, na utani ukabaki. Babu yako naye akaja huku na reli, akasahau kurudi. Miaka yote niliyosoma hali ya barabara redioni asubuhi, nilikuwa nasoma penseli yako. Watu walinisifu kwa usahihi. Sikuwahi kuwaambia kwamba kazi yangu ilikuwa kuvuka barabara na kufika hapa kabla ya chai.

Na sheria zako nilizijua zote. Habari ya njia muulize anayetoka, si anayekwenda. Wakati wa kiangazi habari inakaa mwezi. Wakati wa mvua inakaa siku tatu, ya nne inafutwa, hata kama hakuna mpya ya kuweka mahali pake. Ukurasa wa Februari uliufuta mara nyingi mpaka karatasi ikawa laini kama kitambaa kikuukuu. Mgeni akiuliza ukakuta pale pamefutwa, ulimwambia, "Leo sijui." Mtu wa pwani anayesema sijui! Nilikwambia ulikuwa umepotea kabila.

Ulikufa Agosti, ardhi ngumu kama bati, wachimbaji wakabadilishana sululu mara sita. Nilifanya kazi ya mtani kwenye matanga yako, najua ulitegemea. Nilivaa kofia yako na lile koti lako lenye grisi, nikakaa mlangoni na daftari, na kila aliyekuja kuhani nilimzuia: "Umetoka wapi leo? Njia ikoje? Usipite, mfukoni mwako kuna matope." Shemeji zako walicheka mpaka wakashika ukuta. Imamu akageuza uso, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Mtu mmoja tu hakucheka, mwanao Zuhura. Alinitazama ndani ya lile koti kwa muda mrefu, kisha akaenda kuwapa watu maji.

Zuhura ndiye anayeshika banda sasa. Amemwajiri fundi wa kunyoosha ringi, ila spoki anafunga mwenyewe, na anafunga vizuri kuliko wewe. Nimewauliza wateja watatu kabla ya kuandika sentensi hiyo.

Septemba akaja dada mmoja kutoka Dar, anaitwa Jesca. Ni msichana mwerevu, mwenye haraka. Akasema wanatengeneza mwongozo, na kwa kila mkoa wanataka sauti ya mwenyeji. Zuhura akamwonyesha daftari lako. Akafurahi sana, akasema hii ni hazina. Akasimama pale mlangoni, juani, akapiga picha kurasa zote kwa simu. Na aliyekuwa anamgeuzia kurasa ni mimi.

Rudia sentensi hiyo, Yahaya. Mimi niliyejua kwamba hubonyezi. Mimi niliyejua kwamba habari yote iko kwenye penseli, na kwamba penseli yako hata mimi huiona kwa kuinamisha daftari. Nilisimama nikageuza kurasa kama mtumishi wa kanisani anayemgeuzia mpiga kinanda, na sikusema neno. Nilikuwa nafikiria picha yangu, maana walisema watanipiga na mimi, niwe mshauri wa toleo.

Zuhura aliomba jambo moja tu: jina la baba yake lionekane. Wakakubali. Hilo walilitimiza.

Novemba wakanitumia kitabu kizima kwenye simu ili nikipitie kabla hakijachapwa. Nilikuwa kwenye kikao cha madiwani, diwani mmoja anaeleza habari ya choo cha soko kwa saa ya pili. Nikafungua ukurasa wenye picha yangu. Jina langu wameliandika sawasawa. Nikajibu neno moja: "Imepita."

Nimewafokea waandishi vijana miaka mingi kwa kosa hilohilo. Kuna mmoja nilimfanya alie mbele ya wenzake. Ningejua anapoishi siku hizi ningeenda kumwomba radhi, halafu ningemfokea tena, maana alistahili.

Vitabu vilikuja Desemba. Zuhura alikifunga kimoja kwenye nailoni nyeupe, akakining'iniza juu ya tairi mpya, kimefunguliwa penye ukurasa wako. Kila mteja alionyeshwa. "Soma hapo. Huyo ni baba." Watu walisoma jina lako, wakatikisa kichwa, wakaenda zao. Hakuna aliyesoma sentensi ya juu ya jina. Hata mimi nilisimama hapa nikala muhogo nikilitazama jina lako, sikusoma sentensi.

Wiki ya pili ya Februari akaja dereva. Mtu wa Dar, viatu vyake vimebeba udongo mweusi wa mbuga, suruali imekauka mpaka magotini kama magome. Mvua ilikuwa inanyesha. Akasimama mlangoni akauliza, "Yahaya ni nani hapa?"

Zuhura akadhani mtu amekuja kuhani, amechelewa kusikia. Akamwambia, "Ni baba yangu. Karibu ukae."

"Mwite."

"Ni marehemu, kaka."

"Basi Mungu amsamehe. Alikuwa mwongo."

Kulikuwa na wateja wanne ndani ya banda. Wamenisimulia wote wanne, na maneno hayapishani. Zuhura alimpa yule dereva maji ya kunawa miguu, akasikiliza.

Ilikuwa hivi. Alikuwa na wazungu wawili, mume na mke, wazee wastaafu. Wamekiamini kitabu. Walianzia Kwihara, kwenye lile tembe la misafara, wakaenda magharibi. Lami ikawafikisha Usoke salama, na hilo ndilo lililowadanganya. Usoke wakaiacha lami, wakaingia njia ya mashamba ya tumbaku upande wa kusini, kama kitabu kilivyowaelekeza, wafuate nyayo za wapagazi. Nyayo za babu zangu, Yahaya! Babu zangu Februari walikuwa wamekaa nyumbani kwao wanalima. Msafara wenye akili uliondoka mvua ikiisha.

Ukipita mashamba unafika mbugani, bonde la udongo mweusi linalojaa maji. Gari likaingia mpaka milango ikakataa kufunguka. Walikaa siku mbili. Mama wa kizungu akajaribu kutoka kwa miguu, akateleza majini, akavunjika mkono karibu na kiganja. Amefungwa plasta hapa mjini, amerudi kwao. Dereva alikuja kwako kwa sababu kitabu kimeandika mahali ulipo: banda la baiskeli, mkabala na stesheni. Alitaka kukutazama usoni.

Jioni ile Zuhura alikuja kwangu, hajafunga hata mwavuli.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba alisema hivi?"

Akaweka kitabu mezani, na daftari lako juu yake.

Tukalisogeza daftari kwenye taa, tukaliinamisha. Februari. Wino: *Mihayo, Usoke.* Penseli, uliifuta kwa sheria yako, lakini kivuli chake bado kinasomeka: *Mbuga imejaa. Gari lisiingie. Baiskeli begani, maji kiunoni. Ngoja Mei.* Nikatazama kitabu. Jina lako, Februari, njia ya Usoke, kiangazi kifupi, wakati mzuri.

Nikampigia Jesca. Nitakuandikia alivyosema, neno kwa neno, maana niliyaandika.

"Mzee wangu, zile kurasa zilitoka tupu. Zina majina na miezi tu. Tukajua mzee alikuwa hajamalizia. Tukamjazia."

"Mkamjazia na nini?"

"Na maelezo ya jumla ya nchi, mzee. Na wewe si ulipitisha?"

Ni kweli nilipitisha. Nikamwuliza watasahihisha lini.

"Tukichapa tena, mzee."

"Na wanaokuja kesho?"

"Kwa kweli kitabu kimepokelewa vizuri sana."

Yahaya, nimehoji wezi wa mifugo. Nimehoji mganga aliyekuwa anauza mvua. Sijawahi kusikia mtu akinijibu kwa utulivu ule. Hawakudanganya kwa ubaya, hilo ndilo linanichosha. Mwongo mbaya angalau anajua ukweli uko wapi, anauzunguka. Hawa waliona nafasi tupu kwenye karatasi ya mtu mwingine, wakaona aibu kwa niaba yake, wakaijaza. Haikuwapitia akilini kwamba kuna mtu duniani anaweza kuacha nafasi tupu kwa makusudi.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Usoke. Simu ingetosha, lakini wewe ungeniuliza kama nimetoka huko. Mihayo yupo, amezeeka, bado analima tumbaku yake na kuimba kwaya ya Moraviani kwa sauti ileile mbaya. Nikamkuta kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, anapanga majani. "Mwangaluka," nikamsalimu kikwetu asubuhi ile, akaitikia bila kugeuka. Ni yeye aliyelivuta lile gari kwa ng'ombe wanne wa plau.

"Niliwauliza, nani kawaambia mje Februari? Wakasema kitabu. Nikawauliza, hicho kitabu kina miguu? Kilipita hapa lini?"

Nikamwambia kitabu kimesema ni Yahaya.

Akaacha majani. "Yahaya yupi? Yule fundi mfupi? Hawezi. Mimi ndiye niliyempa habari ya mbuga hii. Nilimwambia maji kiunoni. Akaniuliza, kiuno chako au cha mkeo? Maana alishamwona mke wangu, mfupi. Nikamwambia changu. Ndipo akaandika. Mtu aliyeuliza kiuno cha nani, huyo atasema kiangazi?"

Niliandika hayo kwa wino. Nilirudi na basi la mchana, na siku ile ilikuwa ya kwanza tangu Agosti mimi kucheka bila kujilazimisha.

Zuhura akaamua. Siyo mimi, yeye. Akasema kitabu kilichapwa kule, hatuwezi kukizuia kule, lakini wanaokuja huku wanalala huku. Tukachukua kalamu nyekundu, gundi, na vipande vya karatasi, tukazunguka nyumba za wageni, moja baada ya nyingine, tukiomba nakala iliyoko mapokezi. Kwenye nyumba ya kwanza dada wa mapokezi alishtuka. "Jamani baba, mbona unaharibu kitabu cha wageni?" Zuhura akamjibu, "Kilikuja kimeharibika. Tunakifua."

Sentensi tuliikata bila shida. Tukabandika karatasi, Zuhura akaandika kwa penseli: *Njia ya Usoke kusini imefungwa. Mbuga imejaa.* Kwa wino: *Ametoka huko: Mihayo.* Likabaki jina lako.

"La baba liache," akasema.

Nami nilitaka libaki. Nakiri. Nilikuwa nimeshafunika kalamu. Lakini ungekuwa hai ungetutukana wote wawili mbele ya yule dada wa mapokezi. Jina la wino ni la mtu aliyetoka huko. Nikamwambia Zuhura, "Baba yako hajatoka Usoke."

Nilifikiri atalia, nikaanza kutazama kalenda ya ukutani kama watu wazima wanavyofanya. Hakulia. Akachomoa spoki mfukoni, maana huwa anatembea na spoki kama wengine wanavyotembea na funguo, akailaza chini ya jina lako kama rula, akavuta mstari mwekundu mmoja, umenyooka. Kisha chini yake akaandika kwa wino: *Hali ya leo mwulize Zuhura Yahaya, banda la baiskeli, mkabala na stesheni.*

Nikasoma mara mbili. Basi, jina lako bado limo, lakini sasa limebebwa na mtu anayeweza kuulizwa.

Tulifanya nyumba zote tulizozijua, na mbili tusizozijua. Kuna meneja mmoja alikataa, akasema kitabu kina picha yake. Nikamwambia hata mimi kina picha yangu, nitamwonyesha jinsi inavyokatwa. Niliikata mbele yake. Akatupa kitabu.

Watu wanakuja sasa. Juzi walikuja vijana wawili wa Kijerumani, wakamwuliza Zuhura kama wanaweza kwenda Bukene kwa baiskeli. Akawaambia, "Leo sijui. Kaeni mnywe chai, kuna mtu atatoka huko." Mmoja akaangalia simu yake, akasema simu inaonyesha jua. Zuhura akamwambia aitoe simu nje aione kama italowa. Sikumfundisha mimi.

Yule dereva naye amepiga simu. Zuhura alimtumia picha ya daftari, ameliinamisha kwenye taa. Akasema maneno matatu, "Mwombe baba radhi," halafu akakata. Nimeyaandika hapa kwa sababu yana mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Imebaki nakala moja. Ni hii ya hapa bandani, iliyofungwa kwenye nailoni. Leo asubuhi Zuhura aliishusha, akafungua kamba, akaniwekea mapajani pamoja na kalamu nyekundu, akaenda stesheni kuwauliza walioshuka. Nilielewa. Nyingine zote alikata yeye. Hii ni yangu, maana niliipitisha mimi.

Nimesoma ukurasa wote kwanza, kutoka juu mpaka chini, na wa nyuma yake. Halafu nimeikata sentensi, na jina lako. Mstari wangu umepinda, kigoda chako kinayumba.

Sasa nikuahidi, halafu nikuache. Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nitakuwa hapa. Sitapitisha karatasi ya mtu ambayo sijaisoma, iwe na picha yangu au isiwe nayo. Daftari lako nimelinunulia la pili, Zuhura ameshaanza kuandika, naye habonyezi. Jesca nimemwandikia barua ya kurasa mbili, ya heshima, isiyo na tusi hata moja. Ilinichukua siku nne. Nitaendelea kumwandikia kila mwezi mpaka achape upya au ahame nchi.

Na kuna ukurasa mmoja mwishoni mwa daftari la zamani. Juu yake nimeandika jina lako kwa wino. Chini sikuandika kitu. Umewauliza watu wote wa mkoa huu njia zao, na hii uliyoipita wewe hakuna aliyetoka huko akanisimamia mlangoni. Leo sijui. Akitokea mtu na kutaka kuujaza, nitamvunja mkono.

Lala, Mzaramo. Mpagazi wako yupo, mzigo hajautua. Na huko uliko wakikuuliza umetoka wapi, sema Tabora. Wakikuuliza njia ikoje, sema matope. Usithubutu kuwaambia ni kiangazi.

Mtani wako,
Maganga